Shimo la Tewa: Shule au Jela?

Wahenga walinena kwamba mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Methali hii niliifunzwa tangu shule ya msingi, nikaitumia katika insha nyingi, na mwalimu akanitilia alama ya vema kila mara. Lakini maana yake hasa sikuijua mpaka muhula wa kwanza mwaka huu, mtego huo uliponasa mtu wa nyumbani kwetu.

Mtu huyo ni kaka yangu. Kabla ya kuandika makala haya nilimwomba ruhusa, naye akaniambia, "Andika, lakini jina langu liwache." Kwa hivyo nitamwita kaka tu. Sisi twakaa Likoni. Baba alitutoka nikiwa darasa la tano, na tangu hapo kaka ndiye nguzo ya nyumba. Yeye ni mtu wa bodaboda. Pesa za pikipiki hiyo ndizo zilizonilipia karo tangu kidato cha kwanza, na ndizo zilizonunua hata kalamu ninayoandikia. Kila jioni akirudi alikuwa akipiga honi mara mbili mlangoni, nami nikajua ni wakati wa kuteleka chai.

Ijumaa moja honi haikulia. Tulingoja mpaka saa nne za usiku, saa tano, saa sita. Simu yake ilikuwa imezimwa. Mama hakupata hata lepe la usingizi. Alfajiri na mapema, badala ya kukaanga mahamri yake ya kuuza, alijitanda leso, tukavuka feri kwenda hospitali kuu pale Makadara. Mtu wa pikipiki akikosekana, la kwanza kufikiriwa ni ajali. Tuliuliza kwa majeruhi, hayuko. Tukauliza wodini, hayuko. Kulibaki mlango mmoja ambao mama hakuweza kuukaribia, akakaa chini kwenye ngazi. Nikaenda kuuliza mimi. Nako hakuwako. Tulisema Alhamdulillahi, lakini fumbo lilikuwa bado halijafumbuliwa.

Mchana ule tulirudi ng'ambo tukaanza kuzunguka vituo vya polisi. Katika kituo cha kwanza mama alitaja jina la kaka, lile tumwitalo nyumbani na mtaani. Askari alipekua kitabu chake, akatikisa kichwa. "Hakuna mtu kama huyo hapa, mama." Kituo cha pili jibu likawa lile lile. Jumapili usiku ndipo alipokuja mwenzake mmoja wa stejini, akiingia kwa kunyatia mithili ya paka. Alikuwa na hofu naye asije akakamatwa. Alitueleza kwamba Ijumaa jioni kaka alimbeba abiria mwenye gunia. Walipokuta kizuizi cha polisi, abiria aliruka akatimua mbio, akaingia vichochoroni. Gunia likabaki kwenye pikipiki. Lilipofunguliwa, ndani mlikuwa na nyaya za shaba.

Jumatatu sikwenda shule. Tulirudi kituo kile cha kwanza, safari hii tukiwa na nakala ya kitambulisho cha kaka. Askari mwingine akafungua kitabu cha OB, akapita na kidole mstari kwa mstari, kisha akasimama. "Huyu alikuwa hapa tangu Ijumaa. Ametoka asubuhi hii, yuko kortini."

Nilipigwa na butwaa. Jumamosi mzima tulipokuwa tumesimama pale tukiuliza, kaka alikuwa nyuma ya ukuta ule ule! Sisi tulitaja jina la nyumbani, naye kitabuni ameandikwa majina matatu ya kitambulisho. Laiti tungalikwenda na nakala ile siku ya kwanza, angalau tungalimpelekea chakula na blanketi.

Mbio mbio tukavuka tena mpaka mahakama ya Mombasa. Tulifika tukiwa tumechelewa. Mama mmoja tuliyemkuta ubaoni akisoma orodha ya kesi alituonyesha masjala, na karani wa pale akatuandikia nambari ya kesi kwenye kikaratasi. Akatueleza taratibu kwamba kaka ameshtakiwa kwa kupatikana na mali ya wizi, amekanusha, na amepewa dhamana. Awe na mdhamini wa shilingi 100,000, au alipe taslimu shilingi 30,000. Kwa kuwa hakuwa na mtu wala pesa, amepelekwa rumande Shimo la Tewa mpaka kesi itajwe tena baada ya wiki mbili.

Kwa hakika hayo yote nilikuwa nimeyasoma darasani. Mwalimu wetu wa Historia na Serikali alitufundisha Katiba ya mwaka 2010, nami nikaikariri kifungu kwa kifungu. Kifungu cha 49 chasema mtu aliyekamatwa aelezwe sababu upesi kwa lugha anayoielewa, ana haki ya kunyamaza, ana haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao ni wa lazima, na afikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha. Saa hizo zikiisha siku ambayo korti haikai, basi apelekwe siku ya korti inayofuata. Ndiyo sababu aliyekamatwa Ijumaa jioni akapandishwa kizimbani Jumatatu. Na kifungu cha 50 chasema ahesabiwe kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vingine. Niliyakariri hayo kwa ajili ya mtihani. Sikudhani hata siku moja kwamba yangenihusu.

Tulipofika nyumbani mama alifunga mlango, akaniketisha kitandani. Akanena, "Hapa hapasemwi kitu. Mtu akikuuliza, kakako ameenda Nairobi, amepata kazi." Mama huuza mahamri na mbaazi pale pale mlangoni petu, na wateja wake ni majirani. Aliogopa midomo yao. Nami nikaubeba uwongo ule mpaka shuleni. Rafiki zangu wakauliza kwa nini sikuja Jumatatu, nikawaambia tulikuwa twamsindikiza kaka. Siku chache baadaye msichana mmoja darasani akaniambia, "Kakako si yuko Nairobi siku hizi? Mwambie akutumie viatu." Walicheka wote, nami nikacheka pamoja nao. Viatu vyangu vilikuwa vimeachama mbele kama mdomo wa mamba.

Juma likapita, na hakuna aliyekwenda kumwona. Nikimwuliza mama lini tutakwenda, aligeuza uso. Akajibu, "Sina uso wa kwenda huko." Basi nikakata shauri kwenda peke yangu. Jumamosi nikaaga kwamba naenda kudurusu na wenzangu. Nilivuka feri, ambayo kwa wapita njia ni bure, na kule mjini nikapanda matatu ya Mtwapa. Tulipita daraja la Nyali, tukapita Kongowea, Bombolulu na Bamburi. Makanga alipokuja kudai nauli nilimwambia nashuka Shimo la Tewa.

"Shimo shule au Shimo jela?" akauliza kwa sauti, maana majina hayo mawili ni mamoja. Pale pana shule ya upili mashuhuri ya wavulana, na pana gereza kuu. Abiria waligeuka kunitazama. Ulimi ukateleza. "Shule," nikajibu.

Kwa hivyo nilishushwa shuleni, na kutoka hapo nikatembea kwa miguu juani, nikiulizia njia. Wanachama wa chama chetu cha Kiswahili huenda wakapenda kujua kwamba tewa ni samaki mkubwa wa miambani, ambaye kwa Kiswahili sanifu huitwa chewa. Sisi watu wa Mvita twamwita tewa, naye hukaa katika mashimo ya mawe baharini. Gereza lenyewe liko upande wa Kisauni, karibu na mkono wa bahari wa Mtwapa, na upande wa pili wa daraja ni Kilifi. Njia nzima nilikuwa nikimfikiria samaki huyo shimoni mwake.

Pale langoni askari aliniuliza kitambulisho.

"Sina, afande. Nina miaka kumi na sita."

"Waja kumwona nani?"

"Kaka yangu."

Alinitazama kwa huruma. "Basi, mwanangu, rudi nyumbani uje na mtu mzima mwenye kitambulisho. Mtoto haingii peke yake."

Hakunikemea wala hakunifukuza, lakini machozi yalinitiririka njia mbili mbili. Nilikuwa nimefika, nami nisimwone. Nikarudi zangu Likoni, na badala ya kwenda nyumbani nikapitiliza mpaka Mtongwe kwa nyanya, mama yake mama.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona macho yako mekundu?"

Nilimweleza yote, kuanzia honi ambayo haikulia mpaka lango la gereza. Nyanya alinisikiliza huku akichambua mchele. Nilipomaliza akauliza, "Na mamako amekwenda kumwona?"

"La, nyanya. Asema hana uso wa kwenda."

"Hana uso! Kwani ameuwacha wapi?"

Nilicheka nikiwa bado nalia. Kisha nyanya akanisimulia jambo ambalo sikupata kulisikia. Alipokuwa mtoto mdogo, Ngomeni palikuwa jela. Hilo nilikuwa nikilijua kwa vitabu tu, kwamba Wareno waliijenga Ngome ya Yesu baina ya mwaka 1593 na 1596, na kwamba Waingereza waliigeuza jela tangu 1895 mpaka 1958, kabla ya kufunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960. Sisi wanafunzi twaenda kule kwa ziara, twapiga picha penye mizinga, twarudi. Lakini nyanya aliwahi kupelekwa Ngomeni na babake kumwona ami yake aliyefungwa. Alichokumbuka ni babake akivaa kanzu ya Ijumaa siku ile. Watu wakamwuliza, "Waenda msikitini?" Naye akawajibu wazi, "Naenda kumwona ndugu yangu Ngomeni."

"Ikiwa baba hakuona haya," nyanya akasema, "mimi nitaona haya ya nini? Nitafutie leso yangu ile mpya."

Siku ya kuwaona mahabusu ilipowadia tukatoka mimi na nyanya, yeye na kikapu cha mahamri, kitambulisho chake amekifunga fundo kwenye pindo la leso. Tukavuka, tukapanda matatu ya Mtwapa. Makanga akauliza swali lile lile, "Mama, Shimo shule au Shimo jela?"

Nikainamisha kichwa. Nyanya akajibu kwa sauti iliyosikika mpaka kwa dereva. "Jela, baba. Twaenda kumwona mjukuu wangu."

Matatu nzima ikanyamaza kimya. Kisha mwanamke mmoja aliyeketi nyuma, aliyempakata mtoto, akasema polepole, "Nami nashuka hapo hapo, mama." Tuliposhuka akatushika mkono, tukaenda sote.

Tuliandikishwa majina kitabuni. Tukapekuliwa, simu ikaachwa nje, na mahamri nayo yakabaki, kwani tuliambiwa chakula kilichopikwa nyumbani hakiingii. Tukaketi tukingoja. Nilikuwa nimefikiria kwamba mahali pale nitawaona watu wa kutisha. Niliowaona ni akina mama kama mama, na wazee kama mzee wa mtaa wetu, na watoto waliochoka kungoja. Kila aliyeitwa alisimama upesi akajipangusa nguo, kana kwamba anakwenda arusini.

Hatimaye tukaitwa. Kaka alikuja akasimama upande wa pili, wavu katikati yetu. Alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa, amevaa fulana yake ile ile ya Ijumaa. Aliponiona hakuanza kwa salamu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Waenda shule?"

"Naenda."

"Karo je?"

Nikamwambia asijali, ingawa kwa kweli barua ya karo ilikuwa ndani ya begi langu. Alimwamkia nyanya, akatazama nyuma yetu, akatazama tena. Nilijua amtafuta nani.

"Mama hakuja?"

Hakuna aliyemjibu. Kaka akashika wavu kwa vidole. Akasema, "Siku zote hizi, wakiita majina ya walio na wageni, nasikiliza. Jina langu haliitwi. Nikajiambia basi mama ameamini. Niambie kweli, dadangu. Mama aamini niliiba?"

Msomaji mpendwa, nimeulizwa maswali mengi na walimu, lakini swali hilo lilinishinda. Nyanya ndiye aliyejibu. "Mamako hajaamini. Mamako ana haya, na haya si hatia. Atakuja." Kisha muda wetu ukaisha. Kaka alituaga, na mara hii alitabasamu kidogo. Pale nje nyanya alimpa yule mwanamke wa matatu mahamri yetu yote, mtoto wake akaanza kula pale pale.

Usiku ule nilimkiri mama kwamba nilimdanganya, kwamba nimekwenda Shimo la Tewa si mara moja bali mbili. Alikasirika sana. Nilimwacha akamaliza. Kisha nikamwambia, "Mama, kaka ameuliza neno moja tu. Ati waamini aliiba?"

Mama alikuwa akikanda unga. Mikono yake ilisimama. Alikaa hivyo muda mrefu, kisha akalia kilio ambacho sikupata kumsikia akikilia tangu baba alipofariki. Siku ya kutembelea iliyofuata alikwenda yeye mwenyewe. Waliyozungumza siyajui, kwani nilikuwa shuleni. Najua tu kwamba aliporudi alifungua redio, ambayo ilikuwa haijafunguliwa tangu Ijumaa ile.

Kesho yake asubuhi, wateja wakiwa wamejaa mlangoni, mama akawaambia mwenyewe. "Mwanangu hayuko Nairobi. Yuko rumande Shimo la Tewa." Nilidhani dunia itapasuka. Haikupasuka. Mzee mmoja aliweka chini kikombe chake akauliza, "Dhamana ni ngapi?" Alipoambiwa, akatoa mia mbili palepale. Vijana wa stejini walichanga, chama cha akina mama kikatoa, nyanya akauza mbuzi wake mmoja. Jumla ikafika zile 30,000. Na pesa hizo hazikupotea. Mtu akihudhuria kesi yake mpaka mwisho hurudishiwa, na polisi wakitoa bondi kituoni hiyo ni bure. Hayo nayo hatukuyajua mwanzo.

Siku kesi ilipotajwa, sote tulikuwa kortini. Jioni nikiwa nadurusu nilisikia mtu akisema, "Hodi!" kama mgeni. Alikuwa kaka. Pikipiki imezuiliwa kuwa kielelezo, kwa hivyo honi hana. Mama alimwitikia, "Karibu!" na sote tukashindwa kusema zaidi.

Kesi ingali mahakamani, na haifai mimi kuitolea hukumu. Siwaandikii kusema kwamba kila aliye rumande ameonewa, wala kuwalaumu askari. Naandika kwa sababu tulimwacha kaka siku zote zile hali mlango ulikuwa wazi. Aliyemzuia kuonana nasi hakuwa askari wa lango. Ni sisi na haya zetu.

Katika chama chetu tumezoea kuwataja watunzi wakubwa waliozaliwa Mvita. Mmoja wao ni Abdilatif Abdalla, aliyefungwa mwaka 1969 kwa ajili ya waraka wake "Kenya: Twendapi?", akakaa gerezani miaka mitatu, na mashairi aliyoyaandika humo kwa siri yakatoka mwaka 1973 kuwa kitabu, Sauti ya Dhiki. Twamsifu, na yatupasa. Lakini mwenzetu aliye na baba au kaka jela leo, na si mshairi, twamcheka viatu. Mimi mwenyewe nilicheka.

Kwa hivyo, wenzangu, jambo hili likikufika, na Mungu apishe mbali, usikae ndani. Chukua majina kamili ya mtu wako na nakala ya kitambulisho chake, uulize kituoni. Usipompata, nenda kortini ukaulize masjala, na nambari ya kesi uiandike. Tafuta mtu mzima wa kwenda naye. Na makanga akikuuliza shule au jela, mjibu kweli. Huenda nyuma yako ameketi mtu anayeshuka pale pale, naye anangoja tu mwingine aanze kusema.